Kidole cha Mama Mkwe

To. To. To.

Kulikuwa bado giza. Nilikuwa nimelala na binti yangu kifuani, nikasikia matone yakidondoka ndani ya beseni la bati, moja baada ya jingine, bila haraka.

"Mama, ni wewe?" niliuliza.

"Nani mwingine ataamka saa hizi? Mwizi wa matambara? Lala wewe."

Sikulala. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo sikumwona. Nilimsikia tu mama mkwe wangu akikamua kitu, akikitundika tena kwenye kamba iliyopita juu ya vitanda vyetu viwili. Matone yakaanza upya.

Nyinyi mlionifuata tangu mwanzo mnakijua chumba hicho. Anayeingia leo naye asipotee njia: mimi ni yule mshona vifungo niliyenyang'anywa kiti na mashine, ile inayomaliza vifungo arobaini wakati mimi bado natunga uzi. Mume wangu akaondoka kwenda kutafuta kazi mbali, na mwezi wa pili simu yake ikazimika. Mama yake hakunifukuza. Aliniambia, "Kama mashine imekutoa, basi kasome mashine." Nikaingia chuo cha jioni. Yeye akawa kila jioni akitoka kazini ananilelea mtoto, miezi kumi na minne.

Wiki iliyopita niliwaacha pale kiwanda kiliponipokea tena, safari hii si kwa sindano bali kwa kompyuta. Miezi mitatu ya mazoezi ya kazi, na mwishoni meneja atie saini daftari langu. Bila saini hakuna cheti. Bila cheti, ninarudi kugonga milango.

Leo nasimulia nilichokifanya mimi mwenyewe. Mpaka sasa nimewahadithia niliyotendewa. Hiki nilikitenda.

Kulipopambazuka nikaona kilichokuwa kikidondoka. Kilikuwa kipande chembamba cha kitambaa cha buluu, kirefu kama mkono wa mtu kuanzia kiwikoni hadi ncha ya kidole. Mama alikuwa amekichovya kwenye maji ya moto mara mbili. Akakikausha kwa pasi ya mkaa, akakilaza juu ya kipande kingine kikavu kilichokatwa pamoja nacho.

Havikulingana tena.

"Kifungo, njoo," alimwita binti yangu. Tunamwita Kifungo kwa sababu tangu atambae anacheza na vifungo chini ya meza ya bibi yake. "Leta kidole uweke hapa kwenye pengo. Aa, chako njiti. Tazama cha Bibi."

Kidole chake kikaingia kwenye pengo sawasawa, kana kwamba kimepimiwa.

"Mama Kifungo, sikia," akaniambia. "Kitambaa hiki kipya kinasinyaa. Kila mkono mmoja kinakula kidole kimoja. Leo uiambie hiyo mashine yako iongeze."

Nilikuwa nafunga viatu. Nilikuwa nimechelewa, na nilikuwa nimevaa blauzi yangu ya mafunzo, ile yenye nembo ya chuo.

"Mama, mashine haina vidole," nikasema.

Kifungo akaangua kicheko. Nami nikacheka.

Mama hakucheka. "Ndiyo maana nakuambia uiambie," akasema, akampa mtoto kile kipande. Kifungo akakichukua, akambebea mwanasesere wake mgongoni. Kikawa mbeleko.

Lazima nieleze kazi ya Mama, maana ndiyo kisa chenyewe. Kiwanda chetu kinashona sare. Mama alikuwa mkata nguo mkuu kwa miaka ishirini na sita. Anaweka karatasi ya kukatia juu ya kitambaa, anaizungushia chaki, kisha anakata. Lakini hakati juu ya chaki. Mkasi wake unapita nje kidogo; leo kidole, kesho nusu, kutegemea kitambaa kilivyomwambia usiku kwenye beseni. Karatasi haikuonyesha hayo. Yalikuwa kwenye mkono wake. Kila mtu aliyaona na hakuna aliyeyaandika.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuziingiza karatasi hizo kwenye kompyuta. Unailaza karatasi juu ya meza maalumu, unagusa kila kona yake kwa kipanya, inatokea kwenye skrini. Kompyuta inaipa amri mashine mpya ya kukatia, nayo inakata tabaka sitini kwa mpigo.

Wenzangu waliipa mashine hiyo jina la Bwana Harusi, kwa sababu ilifika imefunikwa kitambaa cheupe na kwa ajili yake tulipigishwa deki hadi chooni.

Asubuhi hiyo, Bwana Harusi alipowashwa kwa mara ya kwanza, meneja alisimama nyuma yangu na wageni watatu wenye suti.

"Ingiza karatasi kama zilivyo," alisema. "Sitaki habari za kukisia kisia. Enzi hizo zimekwisha."

"Sawa, bosi."

Nikagusa kona zote. Mwishoni programu ikaniuliza maswali yake, na la nne lilikuwa kisanduku kidogo kilichoandikwa: *Nyongeza ya kusinyaa*. Ndani yake palikuwa na sifuri.

Chuoni tulikuwa wanafunzi kumi na wawili kwenye kompyuta nne. Siku tulipofika kwenye kisanduku hicho, mwalimu alitazama saa yake, akasema, "Hapo acheni sifuri. Hayo ni ya waliobobea." Tukaacha sifuri. Kwenye mtihani pia tukaacha sifuri, na tulipata alama zote. Katika miezi yote kumi na minne hakuna hata siku moja tuliyoshika kitambaa.

Aliyebobea alikuwa ameketi hatua nane kutoka nilipokuwa, ananoa mkasi.

Nataka niseme hili waziwazi, kwa maana nimelizungusha ulimini kwa muda mrefu. Nilikikumbuka kidole. Sikusahau. Kidole changu mwenyewe kilikuwa juu ya kitufe. Lakini wageni walikuwa wananitazama, na nikajiona nikigeuka mbele yao kuuliza, "Eti Mama, ulisema kidole kimoja?" Nikaona aibu. Niliogopa wanione binti wa chaki na beseni aliyevalishwa blauzi ya chuo.

Nikaacha sifuri. Nikabonyeza.

Bwana Harusi akaunguruma. Kwa siku mbili akakata jozi elfu moja na mia mbili za sare za wauguzi, kazi ambayo Mama na wasaidizi wake wangeimaliza kwa wiki tatu.

"Mwenzangu!" aliniita Dada Mvuke, mpiga pasi wetu, mwenye mdomo usio na breki. "Bwana huyu hali, halali, harudi amelewa, na hana mama mkwe. Mwambie mimi sijaolewa!"

"Mama mkwe anaye," mtu akajibu. "Yule pale."

Wote wakageuka kumtazama Mama. Alikuwa ameinama kwenye sanduku la vipande, anaokota masalio ya Bwana Harusi. Akashika kipande kimoja, akakitazama ukingo wake. Kisha akanitazama mimi.

Nilijifanya nasoma skrini.

Jioni tukiwa njiani hakuniuliza kitu. Labda alidhani nimeongeza kwa namna ambayo yeye haielewi. Labda alitaka kudhani hivyo.

Siku ya tisa, magunia yakarudi.

Hospitali iliyoagiza sare ilikuwa imezifua kwanza kwa maji ya moto, kama hospitali zote zinavyofua. Dada Mvuke akafungua gunia la kwanza, akatoa suruali, akaijaribisha kiunoni mwake. Haikufunga. Akatoa ya pili, kubwa zaidi. Ikagoma kwenye nyonga.

"Jamani," akasema, "wameagiza wauguzi au wanasesere?"

Hakuna aliyecheka. Hata yeye aliikunja taratibu, kama anakunja nguo ya marehemu.

Kabla ya saa sita tukaitwa. Meneja alikuwa amezitandaza karatasi za kukatia juu ya meza ndefu. Kwenye kona ya kila karatasi palikuwa na alama ya Mama: mkasi mdogo uliochorwa kwa chaki, maana yeye hakusoma.

"Karatasi hizi za nani?"

"Zangu," Mama akasema.

"Nani aliziingiza?"

"Mimi," nikasema.

"Uliongeza kitu? Ulipunguza?"

"Hapana. Nilifuata karatasi."

Hiyo ilikuwa kweli. Laiti angeniacha hapo.

"Kuna maelezo mengine yoyote uliyopewa kuhusu kitambaa hiki? Na mtu yeyote?"

Niliutazama mkasi wa Mama. Mpini wake umezungushiwa matambara, na matambara hayo yameshika umbo la vidole vyake. Nikaliwaza daftari langu la mazoezi, kurasa themanini zilizojaa, na nafasi moja tupu chini ya ukurasa wa mwisho. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Nikamwaza Kifungo na viatu vyake vilivyokwisha kisigino.

"Hapana," nikasema.

Meneja akamgeukia Mama. "Bi mkubwa, una la kusema?"

Nilisubiri. Wallahi nilisubiri aseme, ningefurahi aseme.

"Mtoto amefuata karatasi," akasema.

"Basi karatasi zako ndizo mbovu. Miaka yote hii umekuwa ukikata kwa bahati!"

Dada Mvuke akafyonza. "Bahati ya miaka ishirini na sita? Hiyo bahati naitaka na mimi."

"Nani kasema hayo?"

Meneja akamgeukia Mama tena.

"Bi mkubwa, weka mkasi mezani. Nenda nyumbani mpaka tutakapokuita."

Akauweka. Aliuweka kwa upole, ncha ikielekea upande wake, kama unavyompa mtu kisu. Kisha akatoka, mkono wa kulia ukiwa nusu wazi, kana kwamba bado umeshika kitu.

Jioni nilimkuta anaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Kifungo alikuwa anazunguka chumbani.

"Bibi, mkasi uko wapi?"

"Umekwenda kunolewa."

"Utarudi lini?"

"Ukipata makali."

Nikampeleka mtoto nje akacheze, nikapiga magoti mbele ya Mama. Nikamwambia yote: kisanduku, sifuri, wageni, aibu. Nililia mpaka kamasi. Nilitaka anipige. Nilitaka aniambie niondoke.

Akaendelea kusuuza kikombe.

"Nilijua," akasema. "Niliuona ukingo wa kile kipande siku ileile."

"Kwa nini hukusema, Mama?"

"Nikuseme mbele ya nani? Ya yule?" Akaweka kikombe chini. "Sikia, mwanangu. Mimi nina miaka mingapi tena ya kukata? Macho yenyewe haya ya kuazima. Wewe una yule mtoto aliyeko nje. Mwanangu wa kiume kakuacha. Mimi nikikuacha pia, atabaki nani?"

"Lakini Mama, mchuma janga..."

"Hula na wa kwao, najua. Basi wa kwao ndiye mimi. Acha nile."

"Siwezi."

"Utaweza. Chukua cheti chako. Halafu siku moja wewe ndiye utawafundisha, na hicho kisanduku chenu uwafundishe vizuri." Akanifuta uso kwa upindo wa kanga yake, kwa nguvu, kama anavyomfuta Kifungo. "Wakikuuliza tena, usinitaje. Umenisikia?"

Mlangoni palikuwa na kivuli kidogo kilichobeba mwanasesere mgongoni.

"Mama analia nini?" kikauliza.

"Vitunguu," Mama akasema. Siku hiyo hatukuwa na kitunguu hata kimoja.

Siku ya tatu tukaitwa wote wawili. Kifungo tulikwenda naye, hatukuwa na pa kumwacha. Akaketi sakafuni ofisini kwa meneja, mwanasesere wake mgongoni, anapanga vifungo kwa rangi.

Sikutegemea kumkuta mwalimu wangu wa jioni. Alikuwa ameketi pembeni mwa meneja, miwani mkononi, na mbele yake daftari langu la mazoezi, limefunguliwa ukurasa wa mwisho.

"Binti yangu," akaanza, na sauti yake ilikuwa nzuri. Si mtu mbaya. Hilo nalisema mpaka leo. "Nimesoma kazi yako yote. Safi sana. Nina wanafunzi kumi na mmoja wanaosubiri kuletwa hapa nyuma yako. Wengine walimaliza masomo miaka mitatu iliyopita, madaftari yao yanaoza kwenye begi. Wewe ndiye mlango wao."

"Ndiyo, mwalimu."

"Meneja ana swali dogo tu. Ukilimaliza, anatia saini leo. Na nafasi ya kudumu ipo."

Nafasi ya kudumu. Nilikuwa nimeiota, nimeiomba, nimeitembelea kwa miguu kila jioni mvua ikininyeshea.

Meneja akasukuma karatasi moja iliyopigwa chapa.

"Mteja anataka maelezo ya maandishi. Kuna kosa, lazima liwe na mwenyewe. Kama kosa ni la karatasi, ni la huyu bi mkubwa, tunaachana naye na mambo yanakwisha. Kama ni la kompyuta," akamtazama mwalimu, "basi itabidi nifikirie upya kama chuo chenu kinafundisha kitu."

Mwalimu akavaa miwani. Akaivua tena.

"Mwalimu," nikasema, "kile kisanduku cha nne..."

"Kisanduku gani?"

"Nyongeza ya kusinyaa. Ulituambia tuache sifuri."

Akaifuta miwani kwa shati. "Niliwaambia mwache kama hamna taarifa," akasema polepole. "Mtu asipokuwa na taarifa, anaacha sifuri. Wewe ulikuwa na taarifa?"

Meneja akainua macho kutoka kwenye karatasi.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha ukutani, mfuko wake mapajani, amevaa kanga ya kutokea. Alikohoa kidogo. Nilikifahamu kikohozi kile. Ndicho alichokuwa akikikohoa yeye kumnyamazisha mwanawe, kila alipotaka kujibizana na baba yake.

"Nauliza," meneja akasema. "Ulikuwa na taarifa?"

"Bosi, mpe asaini," Mama akadakia. "Mimi sina kinyongo. Mtoto amefuata karatasi."

Nikachukua kalamu.

"Isome kwanza kwa sauti," meneja akasema. "Baadaye mtu asije akaniambia hakuelewa alichosaini."

Sikujua kama sauti ingetoka. Ikatoka, nyembamba, kama ya mtu mwingine.

"Mimi niliyetia saini hapa chini," nikasoma, "nathibitisha kwamba mkata nguo mkuu hakunieleza wakati wowote, kwa maandishi wala kwa mdomo, kwamba kitambaa hiki kinahitaji nyongeza yoyote..."

Kifungo kimoja kikabingirika sakafuni. Nilikisikia mpaka kilipogonga mguu wa meza na kutulia.

"Endelea," meneja akasema.

"... na kwamba vipimo vyote nilivyotumia..."

Binti yangu alikuwa amesimama. Nilimwona kwa pembe ya jicho: gauni fupi, viatu vilivyokwisha kisigino, mwanasesere mgongoni amefungwa kwa kile kipande cha buluu. Akaja mpaka kwenye meza. Hakunitazama mimi. Alimtazama meneja, kisha bibi yake, amekunja uso kidogo, kama anavyofanya ninapomsomea hadithi na kuruka ukurasa.

Mama akanyoosha mkono kumvuta. Alichelewa.

"Bibi alimwambia Mama aongeze kidole."